Mapigo Manne ya Kimya

Jumapili, 2 Machi

Barua kutoka kwa Orihara, daktari wa meno. Ameichapa kwa kompyuta na kuweka tawi la maua pembeni, utadhani anaoza binti. Mwalimu Minagawa, aliyetufundisha muziki, anastaafu mwisho wa mwezi huu. Sisi tuliokuwa darasa lake la mwaka wa tatu tukusanyike tumwimbie siku ya kumuaga, Jumamosi tarehe 29, kwenye ukumbi wa michezo wa shule yetu. Mwenyewe asijue. Mazoezi kila Jumapili. Wimbo ni "Ng'ambo ya Theluji".

Niliisoma nikiwa kwenye mashine ya pasi, katika duka langu la udobi. Mvuke ukanichoma kiwiko.

Nyimbo za kwaya za shule ziko mamia. Za kuhitimu, za kuagana, za milima, za upepo. Orihara kachagua huo.

Acha niandike, maana kwa mdomo siwezi. Miaka thelathini na moja iliyopita tuliuimba wimbo huo kwenye shindano la madarasa. Orihara ndiye aliyeongoza. Karibu na mwisho sauti zote zinakatika, na piano pia. Mapigo manne ya kimya kitupu, halafu wote kwa pamoja: "Tazama!" Mimi nilikuwa besi, safu ya nyuma. Niliingia kwenye pigo la pili. Peke yangu. Kwa sauti yote niliyojaliwa, na nilijaliwa. Tukawa wa pili. Tangu siku hiyo mji mzima unaniita Tazama. Mkuu wa posta ananiita Tazama. Kwenye harusi yangu mshereheshaji alinyamaza kidogo tu kabla ya kunitaja, ukumbi mzima ukacheka.

Siuimbi. Wimbo lazima ubadilishwe.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga simu kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Mpango: kumwambia kila mmoja kwamba wenzake wote wanataka wimbo mwingine. Mpango mzuri, ila una kasoro moja, kwamba watu huongea. Nilipofika simu ya sita, Yabuki, mwenye duka la maua, ambaye ndiye mpiga piano wetu, aliniambia ameshapigiwa na watu watatu wakimuuliza kwa nini anaukataa wimbo. Akaniuliza kama najua lolote. Nikasema sijui, huenda ni uvumi wa mjini.

Gonda kinyozi alikuwa besi pamoja nami, bega kwa bega, na siku ile alipokea kila kitu kwa sikio lake la kushoto. Yeye alicheka tu. "Tazama, ndugu yangu, bado jambo hilo linakuuma? Sisi tulishasahau."

Kama walishasahau, mbona ananiita Tazama? Nikamuuliza hivyo hivyo. Akasema alisahau kwamba ni utani. Alidhani ndilo jina langu.

Jumamosi, 8 Machi

Dawa iliyoziba jino langu la nyuma imebanduka. Kosa la Chizuru, mke wangu, aliyechoma mochi, keki ya mchele, ikanata kama gundi. Daktari wa meno katika mji huu ni mmoja tu.

Orihara alinilaza kwenye kiti, akanijaza pamba na vyuma mdomoni, ndipo akaanza mazungumzo. Amesikia kwamba kuna mtu hafurahii wimbo. Akasema anaelewa kuwa kwangu mimi ni mzigo, na ndiyo maana angependa mimi niwe wa kwanza kuukubali. "Basi uko nasi, Nukaga?"

Nilimjibu kwa nguvu zangu zote kwamba sikubali, sikubali hata kidogo, na kwamba hii ni dhuluma. Kilichotoka ni "Aaa, aa."

"Nilijua tu," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Wewe ni muungwana."

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi ya kwanza. Chumba cha muziki kina jiko lilelile la mafuta ya taa na birika juu yake, na picha zilezile za watunzi wenye nywele za bandia ukutani. Tumekuja ishirini na watano. Wenye nywele ni kama kumi na wanane.

Nilikuwa na nakala thelathini za wimbo mwingine mkobani, mzuri, mfupi, hauna kimya popote. Kabla sijafungua zipu Orihara alisimama akatangaza kwamba hata Nukaga ameuunga mkono wimbo wetu, jana, kwa kinywa chake mwenyewe. Wakapiga makofi. Satsuki wa alto akanipapasa mgongo. Nikainama kushukuru. Ningefanya nini?

Lazima niseme kweli: alto walipoanza ule mstari wa mtu anayevuka theluji na taa mkononi, nilisisimka mwili. Watu wazima, matumbo yametangulia, na sauti bado zinajua njia. Kisha tukafika kwenye kimya. Watu wote wakageuka kuniangalia. Hawakujificha. Vichwa viligeuka kwa pamoja kama kwenye mchezo wa tenisi. Nilifunga mdomo na sikuufungua mpaka mwisho wa wimbo.

Nakala zangu thelathini Chizuru anafungia mashati.

Jumatano, 12 Machi

Msimu wa mahafali. Duka limejaa sare za wanafunzi, suti za akina baba, kimono za akina mama. Saa nne asubuhi kaingia Orihara na suti yake nyeusi. Ifuliwe vizuri, ndiyo atakayovaa siku ya kuongoza.

Alipotoka tu, akili ikanifunguka. Mwongozaji haimbi! Mwongozaji hawezi kuingia mapema. Yeye akishusha mkono, hapo hapo ndipo mahali penyewe.

Mpango: suti ipotee. Mtu mwenye majivuno kama Orihara hasimami mbele ya watu na sweta. Atatafutwa mwingine mwenye suti nyeusi, anayeujua wimbo, na aliye tayari. Nimeitundika nyuma ya mapazia ya hoteli ambayo wenyewe hawajaja kuyachukua tangu vuli.

Mchana nilifanya mazoezi. Nilichukua kijiti kirefu cha kupikia, nikasimama mbele ya sare arobaini zilizotundikwa kwenye bomba. Soprano kushoto, besi kulia. Zilinitii vizuri mno. Mwishoni nilishusha mkono kwa nguvu, kijiti kikanasa kwenye kola, bomba zima likaanguka.

Chizuru alitokea nyuma ya duka akawaangalia soprano wote sakafuni. "Baba Kanae," akasema, "na hawa nao wameingia mapema?"

Jumapili, 16 Machi

Mazoezi ya pili. Nimegundua njama.

Nilichelewa dakika mbili. Karibu na rafu za viatu niliwakuta Orihara, Yabuki na Gonda wamesogezeana vichwa. Nilisikia Gonda akisema, "Asijue kabisa, maana akijua ataharibu." Waliponiona wakatengana. Yabuki akaanza kusifia slipa zangu. Slipa za shule, za plastiki ya kijani, saizi ya mtoto.

Najua wanachopanga. Watasubiri siku yenyewe, kisha Orihara aniite pembeni kwa upole na kuniambia nichezeshe mdomo tu, nisitoe sauti. Mambo hayo hufanywa. Kila shule ina mtoto aliyewahi kuambiwa hivyo, akakua hivyo, na hadi leo kwenye wimbo wa shule anafungua na kufunga mdomo kama samaki.

Mimi si samaki. Mpango wa suti unaendelea, lakini nahitaji na mwingine wa akiba.

Alhamisi, 20 Machi

Sikukuu. Mpango wa akiba: nitahesabu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuhesabu.

Nimeanza na mashine ya kukausha nguo, ambayo ina mlio wa tuku, tuku, tuku, tuku, sawasawa kabisa na kasi ya wimbo. Nimekaa mbele yake saa mbili. Moja, mbili, tatu, nne, Tazama. Mteja mmoja aliingia kwenye nne. Hajarudi kuchukua shati lake.

Mchana tulikwenda makaburini kuwasafishia wazee wetu na kuwawekea maua. Nilifumba macho mbele ya kaburi la babu. Tulipokuwa tukishuka kilima Chizuru akaniuliza nilikuwa namhesabu babu wa ngapi. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti. Anasema nahesabu hata ninapokunywa supu, na kwamba nikifika nne hutikisa kichwa na kumwaga.

Anasema pia kwamba hajawahi kuniona nikifanya jambo lolote kwa bidii namna hii, hata siku za kumchumbia. Nilikuwa kwenye pigo la tatu.

Jumapili, 23 Machi

Mazoezi ya mwisho. Ushindi, lakini wa ajabu.

Tulifika kwenye kimya. Vichwa vikageuka. Nikahesabu kwa kidole gumba cha mguu ndani ya slipa, na kwenye pigo lenyewe nikaingia na wenzangu wote, sawasawa kama kisu na ala yake. Nilisubiri pongezi. Badala yake Orihara alimtazama Yabuki, Yabuki akamtazama Gonda, na Gonda akatazama dari.

"Tena," akasema Orihara. Tukarudia. Nikaingia sawasawa tena.

Yabuki akauma mdomo. Baadaye, tunapovaa makoti, Gonda alinivuta kando. "Umeingia sawasawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. "Lakini usijibane sana, bwana. Siku ile ukijisikia kuingia, wewe ingia tu."

Sasa nimeelewa. Hawataki ninyamaze. Wanataka nikosee tena, wapate cha kuchekea miaka mingine thelathini na moja.

Alhamisi, 27 Machi

Orihara kaja kuchukua suti. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitafuta kwenye bomba la kwanza, la pili, nikainama chini ya meza, nikafungua hata mashine. Nikamwambia kwa huzuni kubwa kwamba katika miaka ishirini ya kazi jambo hili halijawahi kunitokea. Nikaongeza, kama mtu anayefikiri papo hapo, kwamba mimi ninayo suti nyeusi, na kama hapana budi, ningeweza kujitolea.

Aliangalia upande wa mapazia. Kisha akatabasamu. Akasema nisijali kabisa. Mama yake alimhifadhia sare ya shule, ile nyeusi yenye kola iliyosimama na vifungo vya dhahabu. Aliijaribu juzi. Inamtosha.

Inamtosha! Mtu wa miaka arobaini na sita! Mimi sare yangu hainipiti hata mapajani.

Akaniuliza kama naweza kuipiga pasi kufikia kesho. Nimeipiga pasi. Nimeipiga vizuri, maana kazi ni kazi. Chizuru alipita akasema itapendeza sana, Mwalimu atalia. Nikamwambia anipe nafasi, mvuke ni mwingi.

Jumamosi, 29 Machi

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Theluji ilikuwa bado imelala pembeni mwa uwanja. Ukumbini kulikuwa na viti vya chuma, walimu, wazazi, wanafunzi, na mkuu wa shule aliyehutubia kana kwamba ni yeye anayestaafu. Mwalimu Minagawa alikaa mbele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, nywele nyeupe. Alidhani baada ya hotuba ni keki.

Ndipo tukaingia sisi, ishirini na watano, tukapanda kwenye ngazi za kwaya. Orihara akatokea na sare yake ya shule. Mwalimu akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Yabuki akaanza piano. Sijui nieleze vipi. Tuliimba vizuri. Pengine vizuri kuliko siku ile, maana siku ile tulikuwa tukiimba habari za kuvuka theluji bila kuwahi kuvuka chochote. Satsuki alikuwa akilia na sauti yake haikutikisika. Tukafika kwenye kimya.

Ukumbi ukatulia tuli. Nikakaza kidole cha mguu. Moja.

Mbili. "TAZAMA!"

Si mimi. Wao! Watu ishirini na wanne kwa pamoja, na piano, na Orihara kashusha mikono yote miwili, wote wamenigeukia, wanacheka huku wakiimba.

Na mimi? Tatu. Nne. "Tazama!"

Peke yangu. Mahali penyewe hasa.

Nilipaswa kufanya nini? Nilikuwa sahihi. Mtu sahihi haruki mapigo mawili kuwafuata waliokosea. Niliuimba ubeti wote wa mwisho mahali pake, na wao wakaenda mbele yangu kama treni iliyoniacha stesheni. Walimaliza. Mimi nikabaki na maneno mawili, nikayaimba. Ukumbi mzima ulikuwa kimya kunisikiliza.

Mwalimu alikuwa ameshika kiti cha pembeni kwa mkono mmoja, mabega yakimtikisika. Nilidhani ameugua. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akaomba leso.

Gonda ndiye aliyenieleza, huku akinishika shingo. Walikubaliana tangu siku ya kwanza kuingia pamoja nami kwenye pigo la pili. Walikuwa na hakika nitaingia hapo. "Hatukutaka uwe peke yako safari hii," akasema Orihara. "Na wewe, kaka, ukaenda kujifunza kuhesabu."

Nikamwambia kuhusu suti. Sijui kwa nini, ilinitoka tu. Akasema anajua. Siku ya Alhamisi mguu wa suruali ulikuwa ukining'inia chini ya pazia.

Kisha Mwalimu akaja. Akaniita Nukaga, siyo Tazama, mtu wa kwanza leo kufanya hivyo mbali na Orihara. Akasema siku ile hatukukosa ushindi kwa ajili yangu. Soprano walishuka sauti kuanzia ubeti wa pili, na karatasi za majaji zilisema hivyo. Mmoja tu ndiye aliyenitaja. Aliandika: besi mmoja anaimba kwa moyo wote. Akasema kila mwaka kabla ya shindano huwaambia wanafunzi habari zangu. Akitokea mmoja wenu akaingia mapema, huwaambia, msimwangalie vibaya, huyo alikuwa ndani ya wimbo kweli.

"Na leo umeingia sawasawa," akasema. "Nimesikia."

Nilikwenda kuangalia mtungi wa kuzimia moto ukutani. Niliyasoma maelezo yake yote mara tatu.

Jumapili, 30 Machi

Mkuu wa posta kaniita Tazama-Tazama.

Nimetafakari mambo ya jana kwa utulivu, nikiwa napiga pasi mashati, na nimefikia uamuzi. Ujumbe wa jana ni mmoja. Kati ya watu ishirini na watano, ishirini na wanne walikosea, na aliyepatia ni mimi. Nimemwandikia kila mmoja wao barua fupi ya upole kueleza hivyo, na mchoro wa mapigo. Chizuru amekataa kunipa stempu.

Wameamua kwaya isivunjike. Tutaimba tena tarehe 20 Aprili, kwenye tamasha la maua, na Mwalimu Minagawa ataketi mbele na kunywa chai. Orihara alinipigia simu mwenyewe. Akasema safari hii wimbo nichague mimi, ili nisiwe na kinyongo. Mtu mzuri, Orihara, ila ni mwepesi mno wa kuamini watu. Hafai kuwa mwongozaji wa kudumu, na nitalileta hilo mbele ya wenzangu wakati utakapofaa.

Nimetumia mchana wote nikipekua vitabu vya nyimbo, na nimeupata. Wimbo wa maua kudondoka mtoni. Hauna kimya hata kimoja. Na unaanza na besi mmoja, peke yake, anayeimba mstari mzima kabla ya watu wote. Huyo besi nimeshamjua. Nimelipitia jambo hili kila upande na sijaona tundu. Siwezi kuingia mapema, kwa sababu mimi ndiye ninayeanza.

Nilimwonyesha Chizuru karatasi ya noti. Aliishika mbali kidogo, hakuwa na miwani. Akauliza hivi visanduku vinane vya mapigo vya juu, vyenye noti za piano tupu kabla ya besi kuingia, ni vya nini.

Nikamwambia ni mapambo.